Roki Mbadala: Muziki Uliojulikana kwa Njia Uliyopitia

Mtu akikusanya pamoja albamu za R.E.M., The Smiths, Pixies, Sonic Youth, Nirvana na Radiohead, kisha akaambiwa kwamba zote ni za aina moja ya muziki iitwayo roki mbadala, ana haki ya kuuliza aina hiyo inatambulishwa na nini. Johnny Marr wa The Smiths hudonoa nyuzi za gitaa moja moja kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo, kiasi kwamba sikio lililolelewa na rumba halitamwona kuwa mgeni sana. Sonic Youth wa New York walifunga nyuzi za magitaa yao kwa mpangilio wa kujitungia, wakati mwingine wakachomeka bisibisi kati ya nyuzi hizo, na kilichotoka ni mvumo ambao wengi waliuita kelele tupu. Radiohead, katika albamu ya Kid A ya mwaka 2000, waliyasogeza magitaa pembeni na kuzipa kompyuta na vinanda vya umeme nafasi ya mbele. Rege ina mdundo wake, taarabu ina mpangilio wake wa ala na mashairi, lakini hakuna mdundo, ala wala namna ya kuimba inayoziunganisha bendi hizi.

Kilichoziweka rafu moja ni njia. Kabla roki mbadala haijawa sauti inayoweza kuelezwa, ilikuwa mtandao wa maduka madogo, lebo ndogo, redio za vyuo vikuu na vijarida vya mashabiki, uliofikisha santuri kwa msikilizaji bila kutegemea kampuni kubwa za muziki. Anayelifahamu hilo ataelewa mambo mawili ambayo vinginevyo hubaki kuwa mafumbo: kwa nini hadi leo watu hawakubaliani ni bendi zipi zinastahili jina hilo, na kwa nini mashabiki wa muziki huu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kujenga hazina za muziki kwenye intaneti.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Uingereza, kwa sababu huko njia yenyewe iliwekewa kanuni. Mwaka 1976 Geoff Travis alifungua duka la santuri la Rough Trade magharibi mwa London. Miaka miwili baadaye duka likazaa lebo, na lebo hiyo ndiyo iliyokuja kutoa kazi za The Smiths wa Manchester. Rough Trade na maduka mengine ya mikoani yaliungana kusambaziana santuri, na Januari 1980 ikaanza kuchapishwa chati maalumu ya lebo huru. Sharti la kuingia katika chati hiyo halikuhusu gitaa, mavazi wala msimamo wa msanii. Lilihusu msambazaji tu. Santuri iliyofika dukani bila kupitia mikono ya kampuni kubwa ilihesabiwa, basi. Matokeo yake yalichekesha: mwishoni mwa miaka ya 1980 Kylie Minogue, mwimbaji wa pop laini ya disko, aliongoza chati ileile iliyowahi kuongozwa na The Smiths, kwa kuwa lebo yake ya PWL ilisambaza kazi zake kwa njia huru. Shabiki wa roki angeweza kununa, lakini kanuni ilikuwa upande wa Kylie.

Waingereza walikuwa pia na John Peel, aliyetangaza BBC Radio 1 tangu kituo hicho kilipoanzishwa mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, na aliyezialika bendi zisizo na jina kuja kurekodi katika studio za BBC. Marekani haikuwa na mtangazaji mmoja wa kitaifa wa namna hiyo. Ilikuwa na kitu kingine: sehemu ya chini ya masafa ya FM, kati ya megahezi 88 na 92, ilitengwa kisheria kwa ajili ya vituo visivyo vya kibiashara, na vingi kati ya hivyo viliendeshwa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Kituo cha biashara kilipaswa kuwaridhisha watangazaji wa matangazo na kwa hiyo kilirudia nyimbo chache zilizokwisha pendwa. Mwanafunzi aliyekabidhiwa kipaza sauti usiku wa manane hakuwa na wa kumridhisha, akapiga alichokipenda. Ndiyo maana ramani ya roki mbadala ya Marekani inafanana mno na ramani ya miji ya vyuo.

R.E.M. walizaliwa katika mji wa namna hiyo, Athens katika jimbo la Georgia, mwaka 1980. Wimbo wao wa kwanza ulitolewa mwaka uliofuata na lebo ndogo ya Hib-Tone, redio za vyuo zikaupokea, na bendi ikazunguka nchi ndani ya gari dogo ikipiga kumbi ambazo wasikilizaji wake walikwisha usikia wimbo huo. Albamu yao ya Murmur ya mwaka 1983 ilichaguliwa na jarida la Rolling Stone kuwa albamu bora ya mwaka, katika mwaka ambao Michael Jackson alikuwa akiuza Thriller dunia nzima. Hapa inafaa kuwa mwangalifu, maana historia hii husimuliwa kana kwamba palikuwa na ukuta kati ya wadogo na wakubwa. Lebo ya I.R.S. iliyotoa Murmur ilisambaziwa santuri zake na A&M, kampuni kubwa. Ukuta ulikuwa na milango tangu mwanzo.

Waliojitahidi kuifunga milango hiyo walikuwa wachache, na kwa maoni yangu wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Katika California, mpiga gitaa wa Black Flag, Greg Ginn, aliendesha lebo ya SST iliyotoa kazi za Hüsker Dü na Minutemen. Mjini Washington, D.C., Ian MacKaye aliendesha Dischord, na bendi yake ya Fugazi ilishikilia kiingilio cha takriban dola 5 kwa maonyesho yake hata ilipokuwa na uwezo wa kujaza kumbi kubwa. Seattle ilikuwa na Sub Pop, iliyoanza kama kijarida cha mashabiki cha Bruce Pavitt kabla ya kuwa lebo kamili alipoungana na Jonathan Poneman, ambaye alikuwa na kipindi chake katika KCMU, redio ya Chuo Kikuu cha Washington. Kijarida, redio ya chuo, lebo: watu walewale walivaa kofia zote tatu.

Umaskini wa bajeti ndio uliotoa kile kidogo tunachoweza kukiita sauti ya pamoja. Albamu ya kwanza ya Nirvana, Bleach ya mwaka 1989, iligharimu dola 606.17 kurekodiwa, na fedha hizo zilitolewa na Jason Everman, ambaye aliandikwa kuwa mpiga gitaa ingawa hakupiga hata nota moja katika albamu hiyo. Kwa fedha hizo hakuna muda wa kurudia rudia wala wa kusafisha; ngoma husikika kama zilivyo chumbani, na makosa hubaki. Steve Albini, aliyerekodi albamu ya Surfer Rosa ya Pixies iliyotoka mwaka 1988, aliigeuza hali hiyo kuwa kanuni ya kazi. Pixies wa Boston nao walichangia jambo ambalo kila shabiki hulitambua hata kama hajui lilikotoka: ubeti unaimbwa kwa utulivu, besi ikitembea peke yake, kisha kiitikio kinalipuka kwa magitaa yote. Kurt Cobain wa Nirvana alikiri waziwazi kwamba wimbo uliomtoa ulikuwa jaribio la kuwaiga.

Mwaka 1991 ndio unaotajwa zaidi, na sababu moja ya mabadiliko yake ni ya kihasibu. Hadi Mei mwaka huo, jarida la Billboard lilitengeneza chati ya albamu kwa kuwapigia simu wenye maduka na kuwauliza ni zipi zinanunuliwa zaidi. Jibu lilitegemea kumbukumbu, mapenzi na wakati mwingine ushawishi wa kampuni kubwa. Tarehe 25 Mei 1991 chati ikaanza kutegemea mfumo wa SoundScan, uliohesabu mauzo halisi kwa kusoma mistari ya msimbo iliyochapwa nyuma ya kila kasha. Ghafla aina za muziki zilizokuwa zikidharauliwa, zikiwemo kantri na rapu, zilipanda. Nevermind ya Nirvana iliingia sokoni tarehe 24 Septemba 1991 chini ya DGC, tawi la Geffen, ikiwa na nakala zipatazo 46,000 tu kwa soko zima la Marekani. Televisheni ya MTV iliirudia video yake, nakala zikaisha madukani, na tarehe 11 Januari 1992 albamu hiyo ikaiondoa Dangerous ya Michael Jackson katika nafasi ya kwanza.

Kuanzia hapo kampuni kubwa zilinunua sauti na kuiacha njia. Zilitafuta vijana wenye magitaa ya mkwaruzo, zikawarekodi katika studio za gharama na kuwasambaza kama zilivyosambaza kila kitu. Tuzo za Grammy zilikwisha fungua kundi la muziki mbadala mwaka 1991. Mshindi wa kwanza, Sinéad O'Connor, aliikataa tuzo hiyo. Pearl Jam, waliouza karibu nakala 950,000 za albamu ya Vs. katika wiki moja mwaka 1993, walifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1994 kulalamikia Ticketmaster na ada zake za tiketi, na hawakufanikiwa. Ugomvi huo unaweza kuonekana kuwa wa watu matajiri, lakini ulikuwa na mantiki: bendi iliyolelewa na maonyesho ya bei nafuu iligundua kwamba haina tena mamlaka juu ya mlango wa ukumbi wake.

Wakati njia ya zamani inamezwa, nyingine ilikuwa inachimbwa katika vyuo vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 intaneti ilipatikana zaidi katika vyuo vikuu, na mwanafunzi aliyetangaza redio ya chuo usiku aliweza kuwa ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta ya chuo mchana. Mwaka 1992 hifadhi ya maandishi ya gitaa iliyojulikana kwa kifupi kama OLGA ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas. Maandishi hayo ni mistari sita, mmoja kwa kila uzi, yenye tarakimu zinazoonyesha kidole kibonyeze sehemu ya ngapi ya shingo ya gitaa. Yanaweza kuandikwa kwa herufi za kawaida za kompyuta, kwa hiyo yalifaa kabisa kwa intaneti ambayo bado haikumudu sauti wala picha. Kwa mashabiki wa Sonic Youth hayakuwa anasa: bila kujua kila uzi umefungwa kwa sauti gani, mtu angeweza kusikiliza wimbo mwaka mzima asipate pa kuanzia.

Wenye hakimiliki waliona jambo tofauti. Kwa sheria, utunzi wa wimbo ni mali inayojitegemea, mbali na rekodi yake, na kampuni za uchapishaji wa muziki huuza vitabu vya nota. Mwaka 1996 barua ya kampuni moja ya uchapishaji ilitosha kukifanya chuo kiiondoe OLGA kwenye kompyuta zake. Nakala zake zikaendelea kuishi katika kompyuta nyingine hadi mwaka 2006, zilipokuja barua zilizoifunga moja kwa moja. Tovuti nyingi za maandishi ya gitaa zilizopo leo huendeshwa kwa leseni, na sehemu ya mapato ya matangazo huenda kwa watunzi. Ni mpango wa haki, ingawa ubora wa maandishi haukupanda kwa kiwango hichohicho.

Upande wa sauti, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walianzisha IUMA mwaka 1993, mahali ambapo bendi isiyo na lebo ingeweza kuweka wimbo wake ukasikilizwa na yeyote. Napster ilipokuja mwaka 1999, mashabiki walianza kubadilishana mafaili kati ya kompyuta na kompyuta, na mjadala wote ukageuka kuwa wa wizi. Katika mjadala huo husahaulika kwamba baadhi ya bendi hizi zilinufaika. Kid A ilivuja kwenye Napster wiki kadhaa kabla ya kutoka, ilhali haikuwa na wimbo wowote uliouzwa peke yake kuitangulia, na bado ilishika nafasi ya kwanza Marekani, mara ya kwanza kwa Radiohead. Mwaka huohuo wa 2000 The Smashing Pumpkins wa Chicago walichapisha santuri 25 tu za kazi yao ya Machina II, wakawapa mashabiki na marafiki, na kuwaruhusu wauhamishie muziki huo kwenye intaneti ili kila mtu aupate bure. Wilco, nao wa Chicago, walikataliwa na lebo ya Reprise mwaka 2001, wakaiweka Yankee Hotel Foxtrot kwenye tovuti yao isikilizwe bila malipo. Baadaye albamu ikanunuliwa na Nonesuch, lebo iliyokuwa chini ya kampuni mama ileile ya Reprise, ikatoka mwaka 2002. Kampuni moja, kwa maneno mengine, iliigharimia kazi hiyo mara mbili.

Tarehe 10 Oktoba 2007 Radiohead, mkataba wao na EMI ukiwa umekwisha, walitoa In Rainbows kwenye tovuti yao na kumwachia mnunuzi apange bei, hata sifuri. Tukio hilo husifiwa kama mwongozo kwa bendi zote. Sikubaliani. Bendi iliyotangazwa na kampuni kubwa kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa na wasikilizaji waliokuwa wakiisubiri. Bendi ya kijijini ikipanga bei ya sifuri hupata sifuri.

Kwa shabiki wa leo, tatizo limegeuka: muziki uko tele, na kinachokosekana ni maelezo ya kuaminika. Hapo ndipo hazina mbili zinazochanganywa mara kwa mara zinapohitaji kutofautishwa. Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Kevin Lewandowski kwa ajili ya muziki wa elektroniki kabla ya kupokea aina zote, hushughulika na kitu kinachoshikika: santuri hii, iliyochapwa nchi hii, yenye namba hizi zilizokwaruzwa karibu na kitovu chake. Anayetaka kujua kama nakala yake ya Bleach ni ya toleo la kwanza atapata jibu huko, pamoja na soko la kuiuzia. MusicBrainz, iliyoasisiwa na Robert Kaye baada ya orodha ya CD iliyojengwa na watumiaji kwa kujitolea kugeuzwa mali ya kibiashara, hushughulika na uhusiano: utunzi huu umerekodiwa mara hizi, rekodi hii imo katika albamu hizi, mpiga ngoma huyu alikuwa katika bendi hii kati ya miaka hii na ile. Zote mbili huandikwa na watu wa kawaida na zote zina makosa. Jambo likipishana kati yao, picha ya kasha au ya santuri yenyewe ndiyo shahidi wa kuangaliwa kwanza.

Maonyesho ya jukwaani yana hazina zake. Hifadhi ya muziki wa jukwaani ya Internet Archive, iliyoanza mwaka 2002, hupokea rekodi za mashabiki kwa bendi zilizotoa ruhusa tu, na The Smashing Pumpkins ni mojawapo. Kwa hiyo kutokuwapo kwa bendi fulani humo hakumaanishi kwamba haikurekodiwa. Fugazi walifungua hazina yao mwaka 2011, ikitokana na kanda za maonyesho yanayozidi 800, kila moja kwa bei ya kupendekezwa ya dola 5, ileile ya kiingilio. Radiohead walikusanya video, picha na kazi zao adimu katika maktaba yao ya mtandaoni Januari 2020. KCMU ya Seattle ilibadilishwa jina mwaka 2001 ikawa KEXP, na sasa hutangaza kwa dunia nzima kupitia intaneti na kuweka video za bendi zikipiga moja kwa moja studioni. Kwa msikilizaji wa Mwanza au Mombasa anayehesabu bando lake, kusikiliza redio hiyo kwa sauti pekee ni nafuu mno kuliko kutazama video.

Katika kununua, tofauti kubwa ni jinsi fedha zinavyogawanywa. Huduma nyingi za utiririshaji hutia malipo ya wasikilizaji wote katika chungu kimoja na kukigawa kwa uwiano wa idadi ya nyimbo zilizosikilizwa, na tangu mwaka 2024 Spotify haimlipi msanii kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, hukata asilimia 15 ya mauzo ya mafaili, na asilimia 10 mauzo yakizidi dola 5,000. Kinachobaki, baada ya ada ya malipo, ni cha bendi au lebo yake. Ni kwa njia hiyo Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi lililochanganya metali kali na mitambo ya elektroniki, liliuza albamu yake ya mwaka 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki wao ni mkali kuliko karibu kila kitu kilichotajwa hapa, lakini lebo ndogo, kaseti na wasikilizaji waliotawanyika ni mpangilio ambao Greg Ginn angeutambua.

Hazina hizi hazidumu kwa usawa. Bandcamp iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi wake hawakuendelea na kazi. Anayenunua humo afadhali apakue mafaili na kuyahifadhi mwenyewe. MusicBrainz iko chini ya shirika lisilo la faida, na taarifa zake za msingi zinaweza kunakiliwa zote na yeyote, ili tovuti ikifungwa kazi isipotee. IUMA ilinunuliwa, kisha ikazimwa mwaka 2006, lakini nakala ya maelfu ya bendi zake ilikuwa imeokolewa, na tangu mwaka 2012 inapatikana ndani ya Internet Archive, zikiwemo bendi ambazo hazikuwahi kuwa na santuri wala kaseti dukani.